Vifaranga wa Saa Kumi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, nilifungua banda ili nimwage chakula nikamkuta kuku mmoja amelala kifudifudi sakafuni. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka mbele na wa kulia umenyooka nyuma, kama mtu aliyeteleza kwenye tope akakwama hivyo hivyo. Macho yake yalikuwa mazima. Alinitazama, akajaribu kusimama, akapiga bawa moja chini, akatulia. Wenzake walimkanyaga ili wafikie chakula.

Nilimtoa nikamweka kwenye kikapu chenye nyasi kavu, nikampa maji kwa kijiko. Jioni alikufa. Ijumaa wakaanguka wawili kwa namna ile ile, mguu mbele, mguu nyuma. Wiki iliyofuata sikuulizwa tena nyumbani kama kuna aliyekufa. Niliulizwa ni wangapi.

Walikuwa kuku mia mbili wa mayai, na hawakuwa wangu. Walikuwa wa mke wangu. Alikuwa amechukua bonasi yake ya majani chai, pesa ya mwaka mzima wa kuchuma kwenye umande na kubeba kikapu mgongoni, akaacha mabati ya jikoni aliyokuwa ameyapania, akaniambia nijenge banda tufuge. Mimi nilijenga na mimi nililisha, lakini kila mtu kwenye mlima wetu, upande wa Nyamira, alijua pesa ni ya nani. Na vifaranga tulinunua kwa kaka yake, kwa sababu kununua kwingine kungekuwa tusi. Shemeji huyu ana duka la vyakula vya mifugo mjini Kisii, si mbali na soko la Daraja Mbili. Kila baada ya miezi michache huleta vifaranga wa siku moja kutoka nje ya kaunti. Alituuzia kwa shilingi mia moja na arobaini kila mmoja, akatuapia kwamba wameshachanjwa huko walikoanguliwa.

Nilipompigia simu kumweleza, alisema ni baridi ya milima yetu, akaniuzia dawa ya vitamini. Waliendelea kufa, akaniuzia vitamini nyingine. Mara ya tatu alisema banda langu lina unyevu. Majirani nao walikuwa na yao. Mmoja alisema ni polio, mwingine akasema ni jicho la mtu, na mzee wa kanisa letu akashauri pilipili ndani ya maji. Pilipili niliitia pia. Mtu anayepoteza mali ya mkewe hachagui.

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Kazi yangu ni karani wa kituo cha kupimia majani chai, na yote ninayoyajua zaidi ya mizani nimeyasoma mwenyewe, polepole, nikirudia. Kuku wa nne alipokufa nilichukua kisu nikamfungua. Ini lilikuwa limevimba hadi likafunika matumbo, na juu yake kulikuwa na mabaka meupe, magumu, makubwa kama maharagwe. Wa tano, vivyo hivyo. Wa sita ini lilikuwa safi, lakini kokwa la mayai, pale mayai yanapoanzia, lilikuwa limegeuka donge la nyama lisilo na umbo. Nilisoma nilichoweza kusoma kwenye simu, nikaelewa kwamba ni saratani, na kwamba kwa kuku saratani inaweza kuletwa na virusi na kuambukizwa kama mafua. Nikaelewa pia kwamba virusi hivyo viko vya jamaa mbili na mimi sikuweza kuzitofautisha.

Nilipeleka watatu, mmoja akiwa bado hai, kwa daktari wa mifugo wa serikali, mwanamke kijana kutoka upande wa ziwa. Aliniuliza nimeshafungua wangapi kwa mkono wangu. Nikamwambia tisa.

“Basi shika kisu, mzee,” akasema, “mimi nipumzike.”

Lakini kisu alikishika mwenyewe, na alikuwa fundi. Hakuanza na ini kama mimi. Alipasua nyama ya mapaja yote mawili akatoa mishipa ya fahamu, ule wa kushoto na ule wa kulia, akailaza sambamba kwenye sinia. Mmoja ulikuwa mwembamba, mweupe, unang'aa. Mwingine ulikuwa mnene mara tatu, wa rangi ya manjano, kama kamba ya kiatu iliyolowa. Akaniambia hapo ndipo jamaa hizo mbili zinapoachana. Kirusi cha kwanza hupita ndani ya yai, kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga, na uvimbe wake huja kuku akiwa amekomaa, mishipa hakiigusi. Cha pili husafiri kwa vumbi la manyoya. Kuku huvuta hewa, kinaingia, kinakaa kwenye damu, kinashika mishipa na maini, na hupiga kuku wachanga ambao hawajataga hata yai moja. Hiki changu kilikuwa cha vumbi.

“Na cha vumbi kina chanjo,” akasema. “Siku ya kwanza ya maisha, sindano moja shingoni. Kwa waliochanjwa sawasawa anaweza kufa mmoja, wawili. Si hivi. Nenda ukaulize chanjo.”

Nikaenda kuuliza. Ilikuwa siku ya soko, na duka la shemeji lilijaa watu. Nilisimama kwenye foleni kama mteja. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kunionyesha karatasi ya chanjo kutoka kwa walioangua vifaranga. Yeye hakushusha sauti.

“Huyu ni shemeji yangu,” akawaambia watu. “Daktari wa simu. Kuku wa wenzake wanataga, wake wanafanya gwaride. Mguu mbele, mguu nyuma, geuka kulia!”

Watu walicheka. Mimi pia ningecheka kama kuku wangekuwa wa mtu mwingine.

“Nenda Nyakoe,” akaendelea, “muulize yule mama wa ndizi. Alichukua siku ile ile, kutoka kwenye boksi zile zile. Banda lake hata nguruwe hangelala, na hajapoteza mmoja. Dada yangu nilimwambia mapema, aolewe na mtu anayejua kufuga. Akachagua mtu wa kusoma.”

Kwetu mtu hapandishi sauti mbele ya ndugu wa mkewe. Hata ukiwa na haki unaiweka mfukoni, unaondoka nayo. Nilisema asante shemeji, nikalipia kilo mbili za chokaa ambazo sikuzihitaji, nikatoka. Nilijua kwamba nitamlipiza. Sikujua bado kwa njia gani, na sikuwa na haraka.

Nilianza kwa kufanya alivyoniambia. Nilikwenda Nyakoe.

Yule mama alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu mdogo. Banda lake kweli lilikuwa aibu: matandazo yameshikana kama keki, vyombo vya maji vina ukungu. Kuku wake walikuwa wekundu wa vishungi na wanataga. Nilimuuliza chakula, nikamuuliza umri wa banda, nikamuuliza kama kuna kuku wa zamani karibu. Kila jibu lilikuwa baya kuliko langu. Aliniambia majina ya wengine aliowaona dukani siku ile, na kwa wiki tatu, kila nilipomaliza kupima majani, nilipanda boda nikawafuata. Mwalimu mmoja wa Nyamarambe alikuwa amepoteza wachache. Bwana mmoja wa Keroka, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Mtu na mke wake, wafanyakazi wa mjini waliotoka upande wa ziwa, walikuwa wamebakiwa na wanane tu, nao wakawala. Jumla tulikuwa wanunuzi wanane. Wote niliwauliza maswali yale yale na hakuna jibu lililolingana na vifo. Si chakula, si baridi, si usafi.

Nikarudi Nyakoe kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Yule mama alinipa chai, akalalamika juu ya shemeji yangu, kwamba ana maringo, kwamba siku ile ya vifaranga alimchelewesha sokoni.

“Nilifika kabla hakujapambazuka vizuri,” akasema. “Akanikalisha kwenye gunia eti nimngoje achanganye dawa. Nikamwambia, mwanangu, ndizi zangu zinaniivia mgongoni.”

Nilimuuliza dawa gani.

“Si hiyo ya kudunga vifaranga. Alinidungia wangu wote pale nyuma ya duka, mmoja mmoja. Wewe hakukudungia?”

Niliweka kikombe chini. Siku ile mimi nilifika saa kumi jioni, baada ya lori la majani kuondoka. Shemeji alizipeleka boksi zangu nyuma ya duka, akasema anawahesabu, akazirudisha. Kwa hiyo hawakuwa wamechanjwa walikoanguliwa. Alinunua wasiochanjwa, ambao ni rahisi, akawadunga mwenyewe, na sisi akatutoza bei ya waliochanjwa.

Nilizunguka tena kwa wote nikiwa na swali moja tu: ulichukua saa ngapi? Aliyechukua alfajiri hakupoteza hata mmoja. Mwalimu alichukua kabla ya saa tatu. Fundi wa Keroka alichukua mchana. Mimi saa kumi. Wale wa mjini walipita jioni wakitoka kazini. Vifo vilikuwa vimepangana kwa mstari, kuanzia mapambazuko hadi machweo, bila hata mmoja kuruka foleni.

Daktari alinipa kipande kilichobaki kwa simu. Chanjo ile ni kitu hai. Ikishachanganywa na maji yake, ina saa moja, mbili kwa wingi, kisha hufa, na kuanzia hapo unadunga maji. Chupa moja ni ya kuku elfu. Shemeji hakuwa na haraka ya kudunga wote asubuhi, maana kwa nini upoteze dawa kwa kifaranga ambaye hajalipiwa? Alidunga kila mteja alipofika, na chupa aliitunza kwenye chombo chenye barafu hadi usiku. Nilimwelewa kabisa. Katika kila nyumba yetu kuna chupa ya chai inayopikwa asubuhi na kumngoja mgeni wa jioni, na mama anayemwaga chai iliyobaki husemwa. Alikuwa ameitendea chanjo kama chai.

Kumwelewa hakukunipunguzia kitu. Kulinionyesha tu mahali pa kushika.

Daktari aliniambia jambo lingine siku ile ambalo limekaa nami. Alisema chanjo hii humkinga kuku asiote uvimbe, lakini haimzuii kukibeba kirusi. Kuku wazima wa Nyakoe walikuwa wakipukutisha ugonjwa ule ule kila walipojikung'uta. Na magari yanayokusanya trei, magunia na kuku wazee kutoka banda moja hadi lingine husambaza vumbi hilo. Gari la shemeji, linaloleta chakula na kurudisha magunia matupu, lilipita kwetu sote. Zamani, alisema, kirusi kikali sana kilijimaliza chenyewe, kwa kuwa kiliua kuku kabla hajaambukiza wengi. Sasa kuku aliyekingwa anaishi nacho miezi na miezi, anakieneza, na mwaka hadi mwaka kirusi kinakuwa kikali zaidi. Chanjo za zamani, zilizotosha kwa mababu wa kirusi hiki, hazikitoshi chenyewe.

Nilitafsiri maneno hayo kwa ajili ya shughuli yangu. Adui usiyemmaliza unamfundisha. Kama ningekwenda kumgombeza shemeji, angeomba radhi ya mdomo, angejifunza kuficha sindano vizuri zaidi, na mwaka unaofuata angeuza tena.

Nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza akiwa anachambua mboga ya chinsaga, na mikono yake haikusimama hadi nilipofika kwenye bei. Ndugu yake alijua pesa ile ilitoka kwenye majani chai yake. Alikuwa amemuuzia yeye, tumbo moja, vifaranga wa kudungwa maji. Nilimwambia tunaweza kwenda kwa chifu.

“Mama yangu bado yuko hai,” akasema. “Ukimpeleka kwa chifu, mimi nyumbani kwetu nitaingilia wapi? Nataka pesa yangu. Aibu yake siitaki.”

Mimi nilitaka vyote viwili. Nikamwambia pesa ataipata.

Shemeji alitangaza kwamba analeta vifaranga wengine. Wanunuzi walikuwa wale wale pamoja na jamaa zao, kwa sababu hadi hapo kila mtu aliamini bahati mbaya ni yake peke yake. Aliagizwa mia sita. Hakuchukua malipo ya mbele; kumdai mtu wa kwenu malipo ya mbele ni kumwambia humwamini. Nilikwenda kwa kila mmoja nikamwonyesha mstari wa saa. Kisha nikaomba mambo mawili: tuagize pamoja kutoka kwa waanguaji wanaodunga kabla boksi hazijafungwa, na tusimwambie shemeji neno.

Fundi wa Keroka alitaka kwenda kumpiga. Nilimwambia asithubutu, maana akimpiga, watu watamhurumia. Mwalimu wa Nyamarambe alitatizika. Alisema ni ungwana tumwarifu asije akapata hasara.

“Sisi alituarifu?” nikamuuliza. Akaandika jina lake kwenye agizo letu.

Vifaranga wetu walifika siku moja kabla ya wake. Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa dukani kwa shemeji. Boksi sita zilikuwa kwenye kaunta, zinalia. Alikuwa amekunja mikono ya shati, na chupa alikuwa ameifungua wakati huo huo.

“Shemeji! Umerudi? Safari hii nitakuongezea na sajini wa kuwaongozea gwaride.”

Nilikaa kwenye gunia la pumba. Nilimwacha aseme. Hakuna mteja aliyekuja. Alitazama barabara, akapanga boksi, akatazama tena. Alimpigia mama wa Nyakoe, simu ikaita hadi ikakatika. Alimpigia fundi wa Keroka, na mimi nilipokuwa nimekaa niliweza kusikia kicheko cha fundi, kirefu, kisha simu ikakatwa. Shemeji alinigeukia.

“Kuna nini?”

“Hiyo chupa umeifungua saa ngapi, shemeji?”

Alitazama saa ya ukutani kabla hajajizuia. Nilijua basi kwamba alikuwa akijua. Labda si kwa ukamilifu, labda alijiambia kwamba barafu itasaidia. Lakini alijua kuna saa. Hadi dakika ile nilikuwa nimemwachia nafasi ndogo ya kuwa mjinga tu. Niliifunga.

Aliniuliza nataka nini. Nilimwambia nataka pesa ya dada yake, kuku themanini na wanane waliokufa, kila mmoja na chakula alichokula, shilingi elfu arobaini na saba, mia tano na ishirini. Alisema hana zote. Alisema atatoa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi, sisi ni watu wa nyumba moja.

“Nusu ndiyo uliyotudungia,” nikasema.

Alitoa simu akamtumia dada yake zote. Nilingoja hadi mke wangu aliponipigia kuniambia zimefika, nikakata bila kumweleza niko wapi. Kisha nikavua koti.

“Sasa waite watu,” shemeji akasema.

Nilimwambia kwanza tudunge, wakati chupa bado ina uhai. Tuliingia nyuma ya duka. Mimi nilishika, yeye akadunga, boksi baada ya boksi, na kabla ya saa mbili mia sita wote walikuwa wamepata. Nilifanya hivyo kwa sababu vifaranga wale wangeishia kwa mtu, na mtu huyo sikuwa na kisa naye. Yeye, nadhani, aliamini nikiona kazi imefanywa sawasawa nitawaita wanunuzi. Sikumwambia hivyo. Sikumwambia vinginevyo pia, hadi nilipokwisha kunawa mikono.

“Watu wako walipokea vifaranga wao jana,” nikasema. “Kwingine.”

Alikaa kwenye gunia nililokuwa nimekalia. Uso wake ulikuwa umefanana na wa mke wangu kuliko nilivyowahi kuuona, na hilo lilinisumbua kidogo, si sana.

“Hawa mia sita nitawapeleka wapi, shemeji?”

“Daraja Mbili hununua kila kitu,” nikamjibu, nikavaa koti.

Huko ndiko alikowapeleka, kwa siku tatu, kwenye vikapu, katikati ya wauza ndizi na wauza mitumba. Mvua ilinyesha siku mbili kati ya hizo. Sitini walikufa kwa baridi na kubanana. Waliobaki aliwauza kwa shilingi hamsini kila mmoja, yeye aliyewanunua kwa tisini na tano. Walikuwa vifaranga bora kuliko wote aliowahi kuuza. Nilipita mara moja nikitoka kununua misumari. Alikuwa akiita wateja, na sauti ilikuwa imemkauka. Aliponiona aliinama kupanga vikapu. Nilimwamkia kwa heshima yote.

Habari zilifika mlimani kwetu kabla yangu. Mke wangu alinikuta nikifagia banda tupu, waliosalia tukiwa tumeshawauza kwa nyama, nikilipaka chokaa kabla ya kuwaleta wale wapya, waliokuwa bado kwenye chumba cha nyuma chenye jiko la makaa.

“Nilikuambia aibu yake siitaki,” akasema.

Nilimwambia hakuna aliyemtukana ndugu yake, hakuna aliyekwenda kwa chifu, hakuna aliyemwambia mama yake. Watu hawakwenda dukani, basi. Alifikiri juu ya hilo akiwa ameegemea mwimo wa mlango. Alikuwa ameshika simu yenye pesa zake, na hakusema kwamba atamrudishia ndugu yake hata senti. Aliangalia chokaa, akasema upande wa kona nimeruka. Nikapaka kona. Kisha akauliza, bila kunitazama, ndugu yake amepoteza ngapi kwa jumla.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu: pesa aliyomlipa dada yake, upungufu wa vifaranga, chupa, na nauli ya boksi. Nikamwambia ni shilingi elfu themanini na moja, mia tano na ishirini.